Mti wa Kumi na Moja

Mti wa kumi na moja niliuacha mimi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili usije ukanidhania mtu mwema, maana kila nikimsimulia Wendell Hautala huwa nasikika kama mtu mwema, na watu wa mji wetu wa Bruneau wamedanganyika hivyo karibu mwaka mzima. Mimi ni Duane Sobczak, mchomeleaji wa vyuma. Kazi yangu ni kuunganisha vilivyovunjika. Usicheke.

Wendell ni mtu wa kupanga. Wako watu wanaozaliwa na sauti nzuri, wengine na mikono ya kushona. Yeye alizaliwa na daftari. Mama yake alipofariki, alipanga mazishi mpaka nani aegeshe gari wapi na nani asikae karibu na nani, na alipatia, kwa sababu kina Hautala wana ugomvi wa shamba tangu babu zao. Kwa miaka ishirini na saba aliendesha basi la shule, na kila jioni alikuwa anatembea ndani ya basi tupu mpaka kiti cha nyuma, kiti kwa kiti, kuhakikisha hakuna mtoto aliyelala akasahaulika. Hajawahi kumsahau hata mmoja. Hajaoa. Akiulizwa kwa nini, alikuwa anajibu kwamba hilo ndilo jambo pekee ambalo hakulipanga.

Na kila mwaka, Krismasi ikipita tu, Wendell alikuwa anafungua ukurasa mpya na kuanza kupanga safari yetu ya Februari. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Corliss Engman. Tulianza zamani, kabla baiskeli za matairi manene hazijaanza kuuzwa madukani. Niliunganisha rimu mbili mbili kwa moto karakanani kwangu, tukafungia matairi mapana kama mito ya kulalia, tukaenda kuendesha juu ya theluji huku wenye pikipiki za theluji wakitupita na kutuzomea. Corliss alikuwa anawajibu kwa kuwainulia kofia kama askofu. Baadaye dunia nzima ikanunua baiskeli hizo, sisi tukajiona manabii.

Mpango wa Wendell ulikuwa hautaki mchezo. Ijumaa saa nane mchana tunaondoka Bruneau kwa pikapu, baiskeli zimefungwa nyuma. Saa tatu za barabara kuelekea kaskazini, kituo kimoja tu cha mafuta na choo. Jumamosi tunavuka Ziwa Superior kwa baiskeli, kilomita sita za barafu, mpaka kisiwa cha Hagstrom, ambako marehemu baba aliniachia nyumba ya mbao yenye sauna, chumba cha kuogea mvuke. Kila kitu kiliandikwa. Soseji za kulungu, ngapi. Upepo wa matairi, kiasi gani, ingawa hapo Wendell hakuhitaji kipimo, alikuwa anabonyeza tairi kwa kidole gumba, anasikiliza kama daktari, kisha anasema, "Punguza. Bado gumu, utazama kwenye theluji." Soksi jozi tatu kila mtu, na pembeni ya jina langu alikuwa anaongeza kwa mabano: zilizofuliwa.

Sasa miti. Ziwa likishaganda vizuri, watu wa pale huweka alama za njia kutoka bara mpaka kisiwani kwa miti ya Krismasi iliyokwisha kazi. Unatoboa barafu kwa keekee, unapima unene, unasimamisha mti kwenye tundu, unamwagia maji, yanaganda, basi. Mti kila hatua mia. Upepo ukichafua hewa mpaka huoni mkono wako, unaenda kutoka mti hadi mti kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mwenye nyumba kisiwani lazima asaidie. Mimi nilikuwa nasaidia kila Januari.

Mwaka jana mwishoni mwa Januari barafu ilipata ufa karibu na ncha ya kisiwa, pale mkondo wa maji unapopita chini kwa nguvu. Tukaihamisha njia upande wa mashariki. Miti ya zamani ya upande ule mbaya ilikuwa kumi na mmoja, na kazi ya kuing'oa nilipewa mimi. Ilikuwa Ijumaa, nyuzi ishirini na tano chini ya sufuri, kope zinagandana. Nikang'oa kumi. Wa kumi na moja ulikuwa umeshikwa na barafu mpaka kiunoni. Nikausukuma, nikaupiga teke, haukutikisika. Mtaimbo nilikuwa nimeuacha kwenye gari, umbali wa robo saa kwa miguu, na Ijumaa ni siku ya samaki wa kukaanga pale kwenye baa ya bandarini. Ukichelewa unakuta viazi tu. Nikajiambia mti mmoja si njia. Njia ni mstari. Nikaenda kula samaki.

Baada ya wiki mbili ikawa zamu ya safari yetu. Nilivuka siku moja mbele na mizigo ili nipashe moto nyumba. Hewa ilikuwa safi, jua linaumiza macho, na ule mti niliuona kwa mbali, umesimama peke yake. Nikasema kimoyomoyo, nitakutoa Jumapili.

Jumamosi upepo uligeuka. Wendell na Corliss walikuwa katikati ya ziwa theluji ilipowafunika. Wendell alikuwa mbele. Akasimama, akafuta miwani, akaona mti kushoto. Akamwambia Corliss, "Ule pale." Corliss akampita, akaelekea kwenye mti, na barafu ikafunguka. Wendell alilala kifudifudi akamsukumia baiskeli yake aishike. Corliss alishika gurudumu. Alishika kwa muda mrefu, Wendell anasema, na walizungumza, lakini walichozungumza hajawahi kumwambia mtu. Kisha mikono ikaachia.

Jioni ile upepo ulivunja upande wote ule wa barafu ukaipeleka ziwani, na mti wangu ukaenda nao. Wazamiaji walimpata Corliss siku ya tatu. Polisi wa kaunti alipowahoji watu, Wendell alisema palikuwa na mti. Polisi akanigeukia mimi.

"Uliing'oa yote?"

"Yote kumi na mmoja," nikasema.

Lo, maneno manne hayo. Yalitoka laini, kama mtu anayetaja jina lake.

Basi ikawa Wendell aliona mti ambao haupo. Watu walimwonea huruma, na huruma ya watu wa kwetu inaua taratibu: wanakuletea sufuria ya makaroni na tuna, wanakupigapiga bega, wanakuambia baridi huchezea macho, si kosa lako. Yeye alikuwa akiwaambia, "Lakini niliuona." Wao wanasema, "Ndiyo, Wendell, kula." Mwezi wa tatu akapeleka funguo za basi kwa mwalimu mkuu. Alisema mtu anayeona visivyokuwepo hawezi kubeba watoto wa wenzake. Mwalimu mkuu alimbembeleza, wazazi wakaandika barua. Aa wapi. Aliweka funguo mezani akarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa sikiliza balaa lililofuata. Wendell alinifanya mimi kuwa macho yake. Alikuwa ananipigia simu mchana, niko kazini na kofia ya kuchomelea usoni, ananiomba nikipata nafasi nimpitishe mjini na pikapu. Tunazunguka. Anatazama nje, kisha ananyoosha kidole.

"Kulungu yule, Duane. Ni kweli?"

"Ni kweli. Jike. Ana mtoto nyuma."

"Haya."

Kiangazi kizima hivyo. Kibao cha barabara, mbwa wa jirani, mwanamke mwenye kofia ya njano. Ni kweli, Wendell. Nauona, Wendell. Alikuwa ananishukuru. Alikuwa anasema, "Bila wewe ningekuwa wodini saa hizi." Nami nilikuwa nashika usukani, nasema, "Acha hizo, mzee." Vitu vyote duniani nilimthibitishia, isipokuwa kimoja.

Halafu ikaja Januari, na Januari watu wa Bruneau hutoa miti yao ya Krismasi nje. Imelala kando ya kila barabara, kwenye kila sanduku la barua, imeelekeza shina njiani ikingoja lori la taka. Siku ya kwanza Wendell alitoka nje, akaona barabara nzima, akarudi ndani. Nilimkuta amekaa sakafuni jikoni amevaa koti.

"Iko mingapi?" akaniuliza.

"Nini?"

"Miti, bwana! Kwenye barabara yangu. Nenda uhesabu, usiniambie mpaka na mimi niandike yangu."

Nikaenda. Nikahesabu tisa. Nikarudi, naye akafunua karatasi, ameandika tisa. Akalia kama mtoto. Haki ya nani, nilitaka ardhi inimeze. Na usiku nilikuwa silali tena. Mchana ndio ulikuwa mbaya zaidi, maana kila nikigeuka karakanani nilikuwa naona mti umesimama pembeni ya mlango, na nikisogea ni koti langu limetundikwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliona kifo kimeshapita na bado hakijaniumbua, nikaanza kukingoja.

Marvel ndiye aliyesema twende. Marvel Engman, mjane wa Corliss, mpishi wa shule, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kukanda unga na ulimi wa kukata nyama. Tangu mazishi alikuwa hajazungumza na Wendell zaidi ya salamu. Wiki ya pili ya Januari akatupigia simu sote wawili.

"Njooni Jumapili mchana. Wendell aje na daftari. Mwaka huu safari ipo, na mimi naenda."

Tulikuta ametandika kitambaa mezani, ametoa mikate ya nyama kutoka ovenini, kahawa imechemka. Baiskeli ya Corliss ilikuwa imeegemezwa ukutani pale pale jikoni, tairi bado zimejaa. Wendell aliingia, akaiona, akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa: ndiyo, ipo. Marvel aliona.

"Mna nini nyie? Mnakonyezana kama vijana kanisani."

"Hakuna kitu, shemeji," akasema Wendell, akafungua daftari.

Tukapanga. Mwanzoni ilikuwa karibu raha. Wendell alishika kalamu akaanza kurudi kuwa Wendell: Ijumaa saa nane kamili, si na dakika tano. Marvel ataendesha baiskeli ya Corliss, kiti kishushwe. Marvel akasema yeye hajaendesha baiskeli tangu ujauzito, bora azame mwenyewe kwenye theluji mapema wamwokote. Wendell akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema, "Gumu. Hapa ni upepo wa lami huu." Akalegeza, akasikiliza, akaandika. Tukabishana kuhusu glavu. Tukabishana kuhusu soseji.

"Na Duane alete soksi—" akaanza Wendell.

"Zilizofuliwa," akamalizia Marvel, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja nikawasikia wote wawili wanacheka. Nami nikacheka. Mwongo hucheka pia, usifikiri hachekagi.

Kisha Marvel akaweka kikombe chini.

"Sasa nisikilizeni. Nataka nifike pale alipozama. Nataka nisimame pale na nyinyi wawili. Lakini siwezi kwenda pale na wewe, Wendell, bado una ule mti wako."

Wendell akaiweka kalamu chini.

"Nimekaa na hasira mpaka nimechoka," akasema Marvel. "Ungekosea njia ningekusamehe siku ile ile. Mtu anakosea. Corliss mwenyewe alikuwa anapotea akienda kununua maziwa. Ila wewe umeniletea mti. Watu wote wanasema haukuwepo, polisi anasema, aliyeing'oa anasema, na wewe unaushikilia mti mbele yangu kama ngao. Kila ukisema mti, ni kama unaniambia kifo chake hakina mtu. Basi uniambie leo. Niambie haukuwepo, niambie ulikosea, nikusamehe, yaishe. Nataka kukusamehe, Wendell. Nimekuandalia mpaka chakula."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Wendell alikuwa anatazama daftari lake. Alikuwa mtu mkubwa zamani, sasa koti lilikuwa linamvaa. Nilimwona anavyopigana. Ule mti ulikuwa ndio kitu chake cha mwisho. Akiuachia, anakubali kwamba kichwa chake kilimuua rafiki yake. Na bado nilikuwa naomba, Mungu shahidi, nilikuwa naomba auachie. Auachie tu, tuende zetu.

"Haukuwepo," akasema Wendell. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Hapakuwa na mti, shemeji. Nilikosea. Nisamehe."

Marvel akanyoosha mkono juu ya meza akaushika wake. Alikuwa analia bila sauti. Nami nilihisi nafuu. Naandika hili kwa aibu: nilihisi nafuu mwili mzima, joto mpaka vidoleni, nikachukua kipande cha mkate wa nyama nikakiweka mdomoni.

Ndipo Wendell akageuza uso kwangu. Ni mazoea tu, miezi yote ile ya kuzunguka kwenye pikapu. Akaniuliza kwa upole, kama anavyouliza kuhusu kulungu:

"Haukuwepo, au sio, Duane?"

Nikajaribu kumeza. Hakikupita.

"Ulikuwepo," nikasema.

"Usimharibie," Marvel akanikemea. "Mtu amekwisha sema."

"Ulikuwepo, Marvel. Niling'oa kumi. Wa kumi na moja niliuacha. Uliganda, sikuwa na mtaimbo, na nilikuwa na njaa."

"Njaa?"

"Ilikuwa Ijumaa. Samaki."

Marvel aliutoa mkono wake juu ya mkono wa Wendell, polepole, akauweka mapajani. "Mume wangu amekufa kwa samaki wa kukaanga," akasema. Hakupaza sauti. Ningetamani apaze.

Wendell alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akachukua kalamu. Nilifikiri atanipiga, ningefurahi kupigwa. Badala yake akaanza kuniuliza maswali, moja moja, na kuandika majibu. Mti ulikuwa upande gani wa ufa. Urefu wake. Ulikuwa umeinama au wima. Nikamjibu: magharibi, kimo cha mtu, umeinama kidogo kuelekea kisiwani.

"Kuelekea kisiwani," akarudia. "Ndivyo nilivyoona."

"Ndivyo ulivyoona."

"Macho yangu ni mazima."

"Ni mazima, Wendell. Yalikuwa mazima siku zote."

Akafunika uso kwa viganja vyote viwili akakaa hivyo. Alipoviondoa alikuwa mtu mwingine, na hakuwa mtu anayenipenda.

"Ulikuwa unanizungusha," akasema. "Kwenye pikapu. Nauona, Wendell, nauona. Nimekupa hata ufunguo wa nyumba yangu." Kisha akasema jambo ambalo bado nalisikia: "Nilirudisha basi, Duane."

Nilisema samahani, nikajisikia nimetoa senti ya kununulia peremende. Nikachukua kofia yangu nisimame.

"Kaa," akasema Marvel. "Hatujamaliza mpango."

Nikakaa. Akavuta daftari upande wake, akachukua kalamu kutoka kwa Wendell. Akafuta nyumba yangu ya kisiwani kwa mistari miwili. "Hatutalala kwake. Tutakwenda mpaka pale, tutakaa saa moja, tutarudi bara siku hiyo hiyo." Akafuta jina langu kwenye orodha ya soksi, kwenye orodha ya soseji, kwenye orodha ya baiskeli. Kisha akafika mstari wa chini kabisa, ule ambao Wendell huuandika mwisho kila mwaka kwa herufi kubwa: MTU WA NCHI KAVU. Huyo ndiye anayebaki nyumbani na karatasi ya saa. Wanaovuka wakifika bara wanampigia simu. Saa iliyopangwa ikipita kwa nusu saa bila simu, anaita waokoaji. Mwaka jana alikuwa Marvel mwenyewe.

"Hapa bado hapana jina," akasema.

"Dada yangu anaweza," akasema Wendell.

"Hapana. Atakaa yeye. Atakaa hapa hapa, kwenye kiti changu, na simu hii." Akaandika Duane kwa herufi zake nzito. "Saa kumi jioni. Unasoma saa, sivyo?"

Jumamosi ya mwisho ya Februari alikuwa ameniachia mlango wazi. Jikoni palikuwa safi, meza tupu, karatasi ya Wendell imebandikwa juu ya simu ya ukutani. Ukutani, pale ilipokuwa baiskeli, palibaki alama mbili nyeusi za matairi. Nikakaa kwenye kiti chake. Saa tano asubuhi wameingia barafuni, ndivyo ilivyoandikwa. Saa saba wako pale. Nilifuata kwa kidole. Saa nane upepo ukaanza kuvuma nje, ukaanza kurusha theluji kwenye kioo, nikajiambia Bruneau si ziwani, huko huenda kumetulia. Nikasimama, nikakaa. Kofia ya Corliss ilikuwa bado imetundikwa mlangoni. Ni nani aliyepanda miti mwaka huu? Sikuwa najua. Waliniondoa kwenye orodha ya waweka miti baada ya mimi kwenda mwenyewe polisi kusema ukweli, na haki yao. Je, kama naye alikuwa na njaa?

Saa kumi kamili. Simu kimya. Nikainua mkonga wa simu kuhakikisha una mlio, nikaurudisha haraka nisije nikawazuia. Saa kumi na dakika kumi nilikuwa nazungumza peke yangu. Na ishirini, nilimwona Wendell amelala kifudifudi juu ya barafu amesukuma baiskeli, na safari hii mikono iliyoshika gurudumu ilikuwa mifupi, ya kukanda unga. Niliona wazi kuliko ninavyoona meza hii. Nilikuwa namwita Corliss kwa jina, namwomba awarudishe. Na dakika ishirini na nane nikaweka kidole kwenye namba ya waokoaji.

Dakika moja kabla ya nusu, simu ikalia.

"Duane." Ni Marvel.

"Marvel! Mko wapi? Wendell yuko wapi?"

"Yupo. Anafunga baiskeli nyuma ya gari."

"Mmefika sasa hivi?"

"Tumefika tangu saa tisa na nusu."

Nikaitazama saa. Nikasikia upepo upande wake na upepo upande wangu.

"Nimekaa garini na simu mapajani," akasema. "Wendell amenisihi mara nne nikupigie. Nikamwambia bado."

Nikakaa tena kwenye kiti chake.

"Nusu saa hiyo ya mwisho," akasema Marvel, "ndiyo ninayoishi mimi kila siku tangu mwaka jana."

Nikasema, "Naam." Nadhani nilisema. Alikuwa ameshakata simu.